Sumu Isiyoonekana na Kuta za Vitivo: Kwa Nini Watafiti Wetu Wasemezane

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hufunzwa katika shule za msingi, hukaririwa katika mitihani, kisha husahaulika mahali ambapo ingefaa zaidi, yaani katika vyuo vikuu. Humo ndimo mlimo na vidole vingi vya kitaaluma kuliko kwingineko nchini, na humo ndimo kila kidole kinamohangaika na chawa wake peke yake. Mwanakemia hajui anachokitafiti mwanasosholojia. Daktari wa binadamu na daktari wa mifugo huchunguza maradhi yaleyale bila kuamkuana. Naye mwanaisimu, iwapo anakumbukwa, huitwa siku ya mwisho ili afasiri bango litakalobandikwa ukutani.

Makala haya yananuia kutetea hoja moja. Utafiti kuhusu matatizo makubwa ya jamii hauwezi kutimia mpaka wataalamu wa nyanja mbalimbali waketi kwenye meza moja, na katika nchi yetu meza hiyo haina budi kuwa na mtaalamu wa lugha tangu siku ambayo swali la utafiti linaundwa. Ili hoja isielee hewani, nitaifungamanisha na mfano tunaoufahamu kwa uchungu: sumu itokanayo na kuvu katika mahindi, ambayo wanasayansi huiita aflatoksini na ambayo wenzetu wa Tanzania wameipa jina la sumukuvu.

Yaliyotokea Ukambani

Kati ya mwezi Machi na Juni mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini katika wilaya ya Machakos wakiwa na ugonjwa mkali wa ini. Kati yao 12 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi waliyokula yalikuwa na sumukuvu kwa wingi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1982 katika jarida mashuhuri la udaktari la London, The Lancet. Ulimwengu wa sayansi ukafahamu.

Mwaka 2004 msiba ulirudi. Kufikia mwezi Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameripotiwa kuugua na 125 walikuwa wamekufa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Msomaji na akumbuke kwamba Makueni ilimegwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992. Hivyo basi, msiba wa pili uliangukia, kwa sehemu kubwa, ardhi ileile iliyotoa ushahidi wa msiba wa kwanza. Sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake zilipokusanywa katika masoko ya maeneo yaliyoathirika, asilimia 55 zilipatikana kuwa na sumu kuliko kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo, yaani sehemu 20 kwa kila bilioni.

Sidai kwamba makala moja ya Kiswahili ingewaokoa watu 125. Ukame, njaa na umaskini vilikuwa na mkono mzito katika vifo hivyo. Ninachosema ni kwamba baina ya mwaka 1981 na 2004 kulikuwa na zaidi ya miaka ishirini ambamo maarifa yalikuwapo. Yalikuwa maktabani, yameandikwa kwa ufasaha, yakisomwa na watu ambao hawakuwa na hofu ya kula mahindi ya Makueni. Jambo hilo peke yake lapasa kumnyima usingizi kila mtu anayejiita mtafiti.

Swali moja, vitivo vingi

Hebu tuangalie jinsi tatizo hili linavyokataa kukaa katika kitivo kimoja. Kuvu anayetoa sumu hii, Aspergillus flavus, hushambulia mahindi yangali shambani, hasa yakidhoofishwa na ukame. Hilo ni swali la mtaalamu wa kilimo na wa mimea. Baada ya mavuno, kuvu huyo hustawi iwapo punje zimehifadhiwa zikiwa na unyevu, na kwa kawaida hushauriwa kwamba unyevu wa mahindi ghalani usizidi asilimia 13.5. Hilo ni swali la mhandisi wa maghala. Sumu ikiingia mwilini huharibu ini. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache, na ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Hapo tumeingia katika uwanja wa daktari. Mahindi yaliyooza wakipewa ng'ombe, sumu hujitokeza katika maziwa, na daktari wa mifugo naye anahusika. Kwa hakika sumu hii ilianza kutambuliwa kwa sababu ya mifugo, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula lishe ya karanga iliyoharibika.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo maabara haiwezi kulieleza. Uchunguzi wa mwaka 2004 uliwalinganisha waliougua na majirani wao ambao hawakuugua, na ukaonyesha kwamba kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kulihusiana na ugonjwa. Kwa nini mtu ayaache maghala yenye hewa akayarundika mahindi chumbani anamolala? Mwanakemia hana jibu, ila mwanasosholojia na mwanauchumi wanalo. Katika mwaka wa njaa, mwenye gunia moja haliachi nje usiku. Hulilalia. Anayemwambia mtu huyu arudishe mahindi ghalani, bila kushughulikia hofu ya wizi, amempa ushauri sahihi usiotekelezeka.

Mwezi Machi mwaka 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiihii, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti. Hapo tena wanasheria, wanauchumi na wataalamu wa uhusiano wa kimataifa wakawa na la kusema. Punje moja ya mhindi, kwa hiyo, inapita katika karibu kila jengo la chuo kikuu. Tatizo ni kwamba majengo yenyewe hayapitiwi na watu. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, wataalamu wa kilimo na wa mifugo wako Upper Kabete, wa udaktari wako kando ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wa sayansi asilia wako Chiromo, na wa lugha wako kampasi kuu. Umbali wa barabara si mrefu. Umbali wa mazoea ndio unaotushinda.

Neno moja, maana mbili

Huenda msomaji akauliza: lugha inaingiaje hapa? Je, si kazi yetu ni kupokea matokeo na kuyafasiri? Nitajibu kwa neno moja tu, nalo ni ukungu.

Onyo lililozoeleka humwambia mkulima asile mahindi yenye ukungu. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, ukungu wa mahindi ni kitu kinachoonekana: ule unga wa kijani au kijivu juu ya punje. Kitu kinachoonekana kinaweza kuondolewa. Basi mkulima mwenye busara atachagua punje zilizooza, atazipangusa zilizobaki, atazianika, atazisaga na kuupika ugali akiamini kwamba ametii onyo. Ilhali sumu yenyewe haina rangi inayoonekana kwa macho, na moto wa jikoni hauiangamizi. Kuchambua punje mbovu hupunguza hatari, ila hakuiondoi. Mwanakemia aliyeandika onyo alijua tofauti ya kuvu na sumu yake. Mfasiri aliyeletewa sentensi moja jioni ya siku ya mwisho hakupewa nafasi ya kuijua.

Hapa ndipo ninapolipenda neno sumukuvu. Neno hilo limeunganisha mambo mawili na wakati huohuo limeyatenganisha: kuna kuvu, na kuna sumu inayoachwa na kuvu. Kuvu anaweza kupanguswa, sumu ikabaki. Anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza anaweza kulikisia maana. Neno aflatoksini, ambalo ndilo lililotawala katika redio na magazeti yetu, halimpi msikilizaji mahali pa kushika. Linasikika kama jina la ugonjwa wa kigeni, au la dawa.

Chukua mfano mwingine. Mwaka 2015 nchini mwetu iliidhinishwa bidhaa ya kupambana na sumukuvu shambani. Ni punje za mtama zilizopakwa aina ya kuvu wasiotoa sumu, ambazo hutawanywa shambani kabla ya mahindi kuchanua ili kuvu hao wema wawapokonye nafasi wale wabaya. Hebu fikiria ugumu wa kumweleza mkulima aliyeambiwa miaka yote kwamba kuvu ni adui, kwamba sasa anunue kuvu na kuwamwaga shambani mwake kwa mikono yake. Maelezo ya kitaalamu yanaweza kujaza kurasa kumi. Kiswahili kina maneno matano: dawa ya moto ni moto. Anayezijua methali na anayewajua kuvu wakikutana mapema, kurasa kumi hupata mlango wa kuingilia.

Maarifa pia husafiri upande wa pili, kutoka jikoni kwenda maabara. Wakamba wana chakula kiitwacho muthokoi, mahindi yaliyokobolewa ganda kabla ya kupikwa. Utafiti wa wanasayansi wa Kenya uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ukoboaji huo hupunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa, ingawa hauimalizi. Bibi aliyekuwa akitwanga mahindi hayo kwenye kinu hakuwa na haja ya kusubiri jarida. Lakini ili mwanasayansi aulize swali hilo, ilibidi kwanza ajue kwamba muthokoi una thamani ya kuulizwa. Maswali ya aina hii hupatikana kwa urahisi zaidi palipo na watu wanaokusanya misamiati, simulizi na desturi za vyakula. Watu hao ni sisi.

Funzo kutoka Garissa

Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki mwa nchi. Hadi mwezi Machi mwaka 2007, watu 684 walikuwa wameripotiwa kuugua na 155 kufa nchini Kenya. Virusi vya homa hiyo huishi kwa wanyama, husambazwa na mbu, na mbu hao huzaliwa kwa wingi baada ya mafuriko. Wataalamu wa hali ya hewa waliotumia picha za setilaiti walikuwa wametoa tahadhari kabla ya wagonjwa kutambuliwa. Wafugaji Wasomali nao walikuwa na ishara zao. Utafiti uliofanywa baadaye ulibaini kwamba walikuwa wameona mvua zisizo za kawaida, mawingu ya mbu na mimba za mifugo kuharibika, na kwamba ugonjwa wenyewe walikuwa na jina lake katika Kisomali, sandik, linalohusu damu kutoka puani. Setilaiti angani na mfugaji ardhini walikuwa wakisoma kitabu kimoja. Kilichokosekana ni daraja la mapema baina yao.

Tena jina rasmi la ugonjwa lenyewe linaweza kupotosha. Homa hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ilitambuliwa karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mkazi wa Garissa akisikia tangazo kuhusu homa ya Bonde la Ufa ana haki ya kudhani kwamba ni balaa la watu wa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 serikali ilianzisha kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo kuhusu magonjwa yatokayo kwa wanyama. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, hakuna kitengo kama hicho kitakachofaulu iwapo maneno yanayotoka humo hayapimwi kwa masikio ya yule anayekusudiwa.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuyabeba mambo haya. Pingamizi hili limezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2020 ulipozuka ugonjwa wa korona, neno barakoa lilifufuliwa, likapewa kazi mpya, na baada ya muda mfupi lilikuwa midomoni mwa makanga na mawaziri sawia. Istilahi hukua pale zinapotumiwa. Zikifungiwa kamusini hudumaa.

Wengine watauliza kwa nini Kiswahili, ilhali mama wa Makueni huzungumza Kikamba na mfugaji wa Garissa huzungumza Kisomali. Swali hili ni zito na halifai kupuuzwa. Nyumbani, lugha ya mama ndiyo inayofika mbali, na matangazo hayana budi kutolewa kwa lugha hiyo. Lakini mahindi hayakai nyumbani. Hununuliwa na mfanyabiashara, hupakiwa lori, huvuka mpaka wa Namanga au Busia, husagwa Nairobi na kuliwa Mombasa. Katika safari hiyo yote, lugha inayowaunganisha wahusika ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 7, imeitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Isitoshe, anayejifunza kutofautisha kuvu na sumu katika Kiswahili atakuwa na macho ya kuitafuta tofauti hiyo katika Kikamba.

Pingamizi la tatu ni la wahadhiri wenyewe. Wanasema mshika mawili moja humponyoka, na kwamba utafiti wa pamoja utawafanya wajuzi wa juujuu. Tena kupanda cheo kunategemea makala katika majarida ya nje, na makala hayo huandikwa kwa Kiingereza. Kuhusu la kwanza, hakuna anayemtaka daktari awe mwanaisimu. Kila mmoja ashike lake, ila meza iwe moja. Kuhusu la pili, walimu wetu wanasema kweli, na lawama si yao peke yao. Waendelee kuchapisha ng'ambo. Lakini chuo kikuu kinachopima kazi ya mwanazuoni bila kuuliza kama waliochangia damu, mahindi na maziwa yao katika utafiti waliwahi kuelezwa matokeo, kinapima nusu ya kazi.

Nasi tujitazame

Nyani haoni kundule. Itakuwa unafiki kuwalaumu wanasayansi kwa kutotualika ikiwa nasi hatujawahi kubisha hodi. Ni tasnifu ngapi za uzamili katika Kiswahili huchunguza lugha ya zahanati, ya ghala la nafaka, ya tangazo la afya? Uchambuzi wa wahusika katika riwaya ni kazi ya heshima na uendelee. Lakini mwanafunzi anayeweza kufichua maana tatu katika ubeti mmoja ana ujuzi ambao wizara ya afya inauhitaji, maana onyo lenye maana mbili linaweza kuua.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila tasnifu inayohusu afya, kilimo au mazingira, katika kitivo chochote, iwe na ikisiri ya Kiswahili iliyopitiwa na idara ya Kiswahili. Pili, kila muhula vitivo viandae semina ya pamoja ambamo mtafiti ataeleza kazi yake kwa Kiswahili mbele ya wasio wa taaluma yake. Anayeshindwa kuieleza huenda hajaielewa vya kutosha. Tatu, miradi inayoomba fedha za umma, zikiwemo za Hazina ya Taifa ya Utafiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ioneshe tangu mwanzo ni nani atakayeshughulikia lugha na kwa bajeti gani. Nne, na hili ni letu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianze kukusanya msamiati wa jambo moja kila mwaka kwa kushirikiana na wanafunzi wa kitivo kimoja cha sayansi. Tuanze na mahindi. Tuulize katika kila kaunti: punje iliyooza inaitwaje? Iliyokauka vyema hujulikanaje? Mahali pengine wakulima hufunzwa kutia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kuitikisa, na chumvi ikigandama kwenye chupa hujua kwamba mahindi hayajakauka. Ujuzi kama huo hauhitaji mtambo. Wahitaji maneno yanayoeleweka.

Hitimisho

Mwaka 1981 Machakos ilitoa funzo kwa vifo vya watu 12. Mwaka 2004 funzo hilo lilirudiwa kwa vifo vya watu 125. Kuvu hajaondoka, mvua hazijaacha kubadilika, na njaa bado hutulazimisha kulalia magunia yetu. Tukibaki kila mmoja na kitivo chake, mkemia akiijua sumu, daktari akilijua ini, mwanauchumi akiijua bei nasi tukilijua neno, mkulima atakuwa amezungukwa na wajuzi na bado atakula sumu. Wanafunzi wa Kiswahili tusingoje kualikwa. Milango ya Chiromo na Kabete iko wazi mchana. Twende tukabishe hodi, tukiwa na swali moja mkononi: mnatafiti nini, na mtu wa kijijini mtamwambiaje?